Paa Kabla ya Mwezi wa Pili

Kazi yangu katika ofisi ya mbunge ilikuwa kuandika habari za jimbo. Nilipiga picha, nikaandika mistari michache, nikaituma kwenye makundi ya WhatsApp ya kata zote, kisha nikawapelekea wazee wa kanisa na maimamu waisome pamoja na matangazo yao. Habari zenyewe, ukisoma moja umezisoma zote: mheshimiwa amekagua, mheshimiwa amesisitiza, mheshimiwa ameahidi. Nililichoka neno "ameahidi" mpaka nikawa naliruka kwa makusudi, na hakuna aliyeulizia lilikokwenda.

Mimi ni mtoto wa Makambako. Baba alikuja na malori kutoka Singida, akafungua duka la vipuri karibu na stendi, akaoa hapo hapo. Baridi naijua tangu tumboni, lakini Kibena changu ni cha kusalimia na kununulia viazi. Vijijini walinipokea hivyo hivyo, wakanicheka kidogo, wakanipa kiti karibu na moto. Nilichojifunza mapema ni kwamba mbunge huku hapimwi kwa hotuba za Dodoma. Anapimwa kwa misiba. Je, alifika? Alitupia udongo kaburini? Alikaa chini na wafiwa, au alisalimia akiwa amesimama akaondoka? Mheshimiwa wetu alikuwa mtu wa misiba kweli. Kuna wiki nilirudi na picha za makaburi tu, mama akaniuliza kama nimeajiriwa na mbunge au na wachimba kaburi.

Katika kijiji kimoja kilichojificha nyuma ya mashamba ya miti, mbali na lami iendayo Njombe, alikuwepo bibi mmoja mjane niliyempenda kuliko kazi iliyonifikisha kwake. Alikuwa amemlea mjukuu wake wa kike tangu akiwa mchanga. Binti alipopata mimba ya kwanza, uchungu ulimshika wakati wa masika. Wakampakia kwenye bodaboda kumpeleka hospitali mjini, pikipiki ikazama kwenye matope, na mtoto akazaliwa na kufa kando ya barabara. Baada ya mazishi bibi alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akamwonyesha kipande cha shamba lake la viazi, akasema hapo pajengwe zahanati.

Wakajenga kwa nguvu zao. Wanawake walibeba maji na tofali kichwani, wanaume wakazipanga, hadi lenta, juu ya milango na madirisha. Kwa desturi yetu hapo ndipo kazi ya wananchi inapoishia. Kuanzia lenta kwenda juu ni kazi ya serikali na mbunge wake. Basi wakakaa kusubiri mabati. Misimu miwili ya mvua ilipita, nao wakazifunika kuta kwa juu kwa nyasi na mabua ya mahindi, wakavikandamiza kwa mawe visipeperushwe. Tofali zile zilishikanishwa kwa udongo tu, na udongo ukilowa kutoka juu, ukuta unaachia.

Sasa mjukuu alikuwa mjamzito tena, wa kujifungua mwezi wa pili. Bibi alitaka kitu kimoja tu: mtoto huyu azaliwe pale, ndani, chini ya paa.

Mwezi wa kumi na moja nikatoa tangazo kwamba Jumamosi mheshimiwa anakuja kuona boma la zahanati. Sikufikiria watu wangelipokeaje. Ijumaa jioni kijiji kizima kilikutana, wakaona aibu mgeni mkubwa akute jengo limevikwa nyasi kama kihenge. Wakazishusha zote. Na kwa kuwa huwezi kumkaribisha mtu kwenye takataka, wakazichoma, wakafagia, wakamwaga maji vumbi litulie. Mvua, walisema, bado haijaanza.

Asubuhi ya Jumamosi simu ikaja kutoka Dodoma. Kamati yake ya bunge ilikuwa imeongezewa kikao, mheshimiwa hawezi kutoka, niende mimi nikamwakilishe. Nikaenda na dereva, moyo mzito. Sijui nani alitunga neno kuwakilisha. Unapewa maneno ya mtu mkubwa, unaachiwa sura yako mwenyewe.

Tulipofika waliimba kwa sababu waliona gari, na waliendelea kuimba hata nilipokuwa nimeshashuka peke yangu. Mwenyekiti akatazama nyuma ya mgongo wangu, kama vile mheshimiwa angeweza kuwa amejificha hapo. Nikawaambia. Wimbo ukaisha kwa vipande, sauti moja moja. Hakuna aliyenisema vibaya. Bibi alinishika mkono akanikalisha kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa, kiti cha mheshimiwa, akaniletea sahani. Nilikula kuku wa mtu mwingine nikiwa na machozi, naye akanikemea kwamba chumvi imetosha.

Sikuwa nimemaliza wakati upepo ulipogeuka. Wingu lilitokea juu ya miti, jeusi, na wote tukatazama kuta zile zikiwa uchi.

Waling'oa turubai la wageni lenyewe kwanza. Wengine walikimbilia nyumbani wakarudi na mikeka, viroba vya viazi, nailoni za vitalu vya miche. Bibi alikuwa amebana kwapani vitenge viwili vipya, zawadi ya kumvika mheshimiwa. Akavikunjua, akampa kijana fundi aliyekuwa juu ya ukuta, akaelekeza kidole kwenye chumba cha kujifungulia. Dereva alipanda, na mimi nikapanda, na gauni langu la ofisini likachanika pembeni. Mjukuu alisimama chini na tumbo lake, akitupokeza mawe mpaka bibi alipomfukuza. Sikupiga hata picha moja siku ile. Mikono haikuwa na nafasi.

Mvua ilinyesha. Kona ya chumba cha dawa iliporomoka mbele yetu, taratibu, tofali baada ya tofali. Chumba cha kujifungulia kilisimama.

Tulikuwa tumejibanza jikoni kwa bibi, nguo zikifuka mvuke, mheshimiwa alipopiga simu. Alitaka aongee na wananchi, aombe radhi, niweke spika. Nikaweka. Hakufika mbali, bibi akanyoosha mkono nikampa simu.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimia Kibena. "Umekula?"

Mheshimiwa akasema amekula.

"Vizuri. Kuomba radhi acha, radhi haziezeki nyumba. Mjukuu wangu anajifungua mwezi wa pili. Akipakiwa tena kwenye pikipiki, na likatokea lile lililotokea, sitaki uje msibani kwangu."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Huku kwetu, mtu anayekuzuia kufika msibani kwake amekuondoa katika watu, na kwa mbunge ni zaidi ya kushindwa uchaguzi. Kwenye simu nilisikia mheshimiwa akipumua. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuiandika katika habari yoyote, "Nimesikia, mama." Hakuahidi kitu.

Mabati yalifika kabla ya Krismasi, na mbao, na saruji ya kurudishia ile kona. Yeye mwenyewe alikuja nayo siku ya kazi, bila kuniambia mimi wala mtu mwingine, na niliambiwa alishinda akibeba mbao na suruali yake nzuri ikaharibika. Nilimkasirikia kidogo, maana ndiyo habari pekee ya mwaka ule ambayo ningeiandika kwa furaha.

Mwezi wa pili nilikwenda na simu yangu na maswali yangu. Chumba kimoja tu, kile cha kujifungulia, ndicho kilichokuwa kimekamilika, kikihudumiwa na muuguzi wa kuazima kutoka kijiji cha jirani. Mjukuu alikuwa amelala, amechoka, mzima. Bibi alikaa kwenye benchi na mtoto wa kike mapajani. Nikamwuliza angependa kuwaambia nini wananchi. Wakati huo huo mvua ikashuka juu ya mabati mapya yasiyo na dari, kwa kelele ambayo ilimeza swali langu na mimi mwenyewe. Nikarudia kwa kupaza sauti. Bibi alitikisa kichwa kwamba hasikii. Kisha akaviweka viganja vyake viwili, vigumu kwa jembe, juu ya masikio ya mtoto, akavishikilia hapo mvua yote, akitazama juu.