Mpira Ule Haukuandikwa

Nilikulia Hjulsta, pembezoni mwa Stockholm, kituo cha mwisho cha treni ya buluu, katika nyumba iliyounganishwa na Kiswahili. Baba alikuwa Mrundi, mama ni wa Uvira, na walikutana katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Kabla ya vita baba alikuwa mwalimu wa shule. Stockholm alisafisha maofisi, na akirudi nyumbani alichukua madaftari yangu na kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu, hata yale ya Kiswidi ambacho alikijua kidogo kuliko mimi.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita, kocha wa klabu moja ya futiboli ya Kimarekani aliniona nikilikimbilia basi. Alinifuata hadi kituoni.

"Mbele unakimbia vizuri," akaniambia. "Kinyumenyume je?"

Nilidhani ananitania. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe. Beki wa nyuma huanza kila mchezo akirudi nyuma, macho yake kwenye kiuno cha mpinzani anayemjia mbio, bila kujua atakatia upande gani. Mpira ukirushwa, ana sekunde moja tu ya kugeuka na kumzuia yule mtu asiushike. Akifaulu, hakuna anayemtazama. Akishindwa, uwanja mzima unamwona yeye peke yake. Na mara chache sana anaudaka mpira mwenyewe, timu yake ikauchukua, na hiyo ndiyo ndoto ya kila beki.

Mama alikuja kutazama mechi moja, akaondoka kabla haijaisha. "Ule ni mchezo ama ni vita?" aliniuliza nyumbani. Baba hakuja hata mara moja, kwa sababu Jumamosi alikuwa kazini. Barua ya chuo cha Marekani ilipofika, alitaka kujua jambo moja tu.

"Watakusomesha?"

"Watanisomesha, Baba."

"Basi nenda."

Chuo kilikuwa katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Miaka miwili ya kwanza nilivaa jezi safi nikairudisha safi. Nilikaa benchi, nikajifunza kwa macho, na nikapakumbuka nyumbani kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilikumbuka ngazi za jengo letu zilizonuka vitunguu vya majirani. Nilikumbuka sauti ya mama akiniuliza kwa Kiswahili nami nikimjibu kwa Kiswidi, na nikaona aibu kwamba sikumjibu kwa lugha yake siku zote alizokuwa karibu nami.

Siku moja, kwenye foleni ya chakula, nikamsikia mpishi akimgombeza mtu kwenye simu kwa Kiswahili cha Kivu. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, kofia ya jikoni imemfunika hadi kwenye nyusi. Nilingoja amalize, nikasema, "Jambo, mama."

Aliweka upawa chini. Akanitazama, akaitazama sahani yangu, akasema, "Unakulaka kidogo sana, mutoto yangu."

Tangu siku hiyo alinijazia sahani bila kuniuliza. Alitoka Bukavu, na alikuwa na mabinti wawili walioolewa mbali. Nilimzoea kiasi kwamba nisipomwona dirishani pale jikoni, chakula hakikushuka.

Mwaka wa tatu nikaanza kucheza. Mwaka wa nne nikawa sitolewi. Nilikuwa beki mzuri, si beki maarufu. Nilizuia mipira, niliangusha watu, lakini sikuwahi kudaka. Mara mbili mpira uligonga viganja vyangu ukadondoka.

Kwenye mechi ya mwisho ya nyumbani, kila mchezaji anayemaliza chuo huingia uwanjani akisindikizwa na wazazi wake, na majina yao hutangazwa kwenye kipaza sauti. Mwaka huo moyo wa baba ulikuwa umeanza kumsumbua, daktari akamkataza kupanda ndege. Mama hakuweza kumwacha. Nilimweleza yule mama wa jikoni, si kwa kuomba kitu, ila kwa sababu aliniuliza kwa nini nimenuna.

Alifuta mikono kwenye aproni. Kisha akasema, "Sasa mie ntavala nini?"

Alivaa kitenge cha kijani na koti la baridi juu yake, na viatu vya kisigino vilivyozama kwenye nyasi. Tulipotoka mlangoni alinishika mkono kwa nguvu zote. Mtangazaji akalitamka jina lake vibaya. Yeye akapunga mkono kama mtu aliyezaliwa kwa ajili ya siku hiyo.

Robo ya tatu, mpinzani wangu alinijia moja kwa moja, akakata kushoto. Nilikwenda naye. Nikaona mabega ya mrushaji yakigeuka, nikajua mpira unakuja kabla haujatoka mkononi mwake. Niliruka. Mpira ukaja kifuani mwangu, ukakaa. Nikakimbia, watu wakiniita kwa majina yote waliyonipa, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakukuwa na mtu mbele yangu.

Nilipogeuka nikakiona kitambaa cha njano, kile ambacho refa hukitupa akiona kosa, kwenye nyasi, pale nilipotoka. Refa alisema nilimshika jezi yule mpokeaji. Mchezo ukafutwa, mpira ukarudishwa kwao. Tulishindwa mechi ile, na mpaka leo, kwenye vitabu vya chuo, safu ya mipira niliyodaka ina sifuri.

Yule mama alinisubiri nje ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Ulichukua mpira. Nimeona."

"Wameufuta, mama."

"Wao wamefuta. Mie sijafuta kitu."

Hakuna timu iliyonipigia simu baada ya hapo. Nilirudi Stockholm na shahada na goti linalotabiri mvua. Baba aliomba nimwonyeshe mechi moja, moja tu, nami nikachagua ile. Tulikaa sebuleni, kompyuta juu ya mapaja yake. Aliutazama mpira ukija, akanitazama nikiruka, akapiga makofi. Kisha akakiona kitambaa.

"Hicho nini?"

Nikamweleza.

"Ulimshika kweli?"

"Nilimshika, Baba. Kidogo."

Alifikiri, yule mwalimu. "Basi wametenda haki," akasema. Kisha akasogeza miwani. "Lakini hebu rudisha. Uishie pale kabla hawajakitupa."

Tuliitazama mara sita au saba. Baba alifariki majira ya baridi ya mwaka uliofuata.

Sasa nafanya kazi kwenye makao ya wazee Hässelby, na naipenda. Nilimpigia yule mama kila Krismasi, hadi mwaka ambao namba yake haikupatikana tena. Niliandikia jiko la chuo, wakanijibu kwamba aliacha kazi akamfuata binti yake mmoja, hawajui ni mji gani. Bado sijampata.

Mke wangu, ambaye ni Mkenya na anapenda mambo yanyooke, aliniuliza majuzi, "Unamiss nini hasa? Watu kukupigia makofi?"

Nilimwambia hapana. Nautamani ule muda mfupi kabla mpira haujatoka, tukiitana mabeki wote, huyu akimwambia yule nani amshike nani, na kila mmoja akiamini sauti ya mwenzake. Mtu mzima anaweza kucheza soka bustanini hadi mvi zimfunike kichwa. Mchezo wangu hauna bustani. Siku unapovua kofia ngumu, umeuacha.

"Pole," akasema, akanisogezea kikombe cha chai. Nikamshukuru kwa hilo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Hjulsta kula kwa mama. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa amenishika mkono. Njiani tulipita uwanja ambako nyasi zilikuwa zimekatwa, mvua imetoka tu kunyesha, na harufu ile ikanisimamisha.

"Pappa, kom nu," binti yangu akanivuta, akiniambia kwa Kiswidi twende.

"Ngoja kidogo, mama," nikamwambia kwa Kiswahili. Hakuniuliza tunangoja nini. Akasimama nami, kofia yake ya sufu imepinda, hadi nilipokuwa tayari kuondoka.