Mabomba ya Pijo ya Alfredi

Alfredi Sulle alikuwa fundi wa mashine za kuvunia katika shamba la ngano la serikali, upande wa Basotu. Mwaka 1984 alinunua Pijo 404 iliyochoka. Kila mavuno yalipokwisha, madereva wa shamba walishindana kwa magari juu ya mabua, na yeye akaitengeneza yake kwa kazi hiyo. Alitoa kiti cha nyuma, akakata saylensa, akafunga taa nne kubwa mbele, kisha akachomelea mabomba ya chuma ndani, kuanzia sakafuni hadi kwenye paa. Mwaka uliofuata gari lilibiringika mara mbili. Alfredi akatoka akijipangusa vumbi.

Ndani ya shamba hakuna trafiki aliyemuuliza kitu. Lakini mwaka 1986 mama yake, Genoveva, alipata kidonda mguuni. Goti likakaza, na kila wiki ilibidi atoke kijijini kwake Gehandu kwenda kufungwa dawa hospitalini, juu ya tela la trekta. Alfredi akaamua kulipeleka gari likakaguliwe ili litembee barabarani.

Mkaguzi, Afande Hermani, alilizunguka polepole.

"Hili linakwenda vitani?"

"Hapana, afande. Linampeleka mama hospitali."

"Kwa taa hizi utapofusha watu. Na huu mlio! Kadi inasema viti vitano, hapa naona viwili. Bomba hilo la nyuma litampasua abiria kichwa. Huku si shambani, bwana."

Taa na saylensa havikumsumbua. Jioni moja tu, vikawa tayari. Kiti nacho alikirudisha. Mabomba ndiyo yalimshinda kuyatoa, kwa sababu yalimwokoa gari lilipobiringika. Akayavika sponji, akaenda Gehandu kujaribu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo gari lenyewe?"

Mama aliingia kwa nyuma, akatanguliza mguu mbovu. Bomba la mshazari lilikuwa limepita katikati ya kiti. Mguu ukagonga. Wakajaribu mlango wa pili, ukagonga tena, na damu ikaonekana kwenye bandeji.

"Alfredi, umenijengea zizi? Mimi ni ndama?"

"Yanazuia paa lisituangukie, mama."

"Kwani una mpango wa kunipindua?"

Alfredi alirudi karakana, akachukua msumeno wa chuma, akakata mabomba yote ya nyuma, na baada ya kusimama kidogo akakata na ya mbele. Ilimchukua siku nzima.

Afande Hermani alipapasa palipokatwa, akaona pamesagwa vizuri, akagonga muhuri.

Jumatano Genoveva alilaza mguu juu ya kiti chote cha nyuma. Alfredi, ambaye sasa hakuwa na kitu juu ya kichwa chake ila bati, aliendesha taratibu kuliko alivyowahi kuendesha. Karibu na Nangwa lori la maharage likawapita likipiga honi.

"Ongeza basi kidogo," mama alisema. "Wenzetu watawahi foleni."

Alfredi hakuongeza.