Umande Unaotoka Bara

Nilipoolewa Kipungani nilikuwa na diploma ya ualimu wa Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Voi, na moyoni nilijiona nimekuja kuwafunza Waamu lugha yao. Mama mkwe wangu alikuwa msusi wa mikeka. Asubuhi moja aliniachia miyaa, yale majani ya mkoma anayosukia, yakiwa yametoka kuchovywa rangi. Akienda kumtazama mgonjwa alinionya nisianike bado, kuna umande.

Nikatoka uani nikagusa mchanga: mkavu kabisa. Nikatandaza miyaa yote juu ya jamvi. Haikupita nusu saa, upepo ukaja kutoka bara, ukaizoa. Nyekundu, zambarau, nyeusi, yote ikatapakaa, mingine kwenye mavi ya punda. Aliporudi nilikuwa bado naokota.

Hakunikemea. Aliinama tukaokota pamoja, kisha akaniuliza nilielewa nini. Nikamjibu kwamba umande ni maji ya asubuhi kwenye nyasi.

"Huo ni mmoja," akasema. "Na upepo utokao bara asubuhi na mapema, huo nao ni umande. Huvuma nyasi zingali na maji, ndipo wazee wakauita hivyo. Tazama, mwanangu, kuna miyaa mingine kule ndiani."

Nikaifuata ile ya njiani, na tulipokuwa tukiisafisha aliendelea kunieleza. Matlai ni upepo wa upande wa mawio, na kwa Kiarabu neno lenyewe ni mahali jua linapochomoza. Tanga mbili ni majira ya upepo usio na msimamo, jahazi likaweza kwenda huku au huku. Neno tufani alilijua kwanza chuoni, yaani madrasa, katika kisa cha gharika ya Nabii Nuhu. Alisema haya huku mikono ikifanya kazi, bila kujiona anafundisha.

Nikamuuliza chamchela, ule upepo wa kuzunguka, jina lake limetoka wapi.

"Hilo silijui," akasema.

Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo. Mimi ningebuni asili ya neno papo hapo, na darasa zima lingeandika.

Muhula uliofuata nilimwalika shuleni nilikofundisha. Alikaa kwenye kiti changu, na kabla ya kusema neno lolote aliwataka watoto waonyeshe upepo wa siku ile unatoka wapi. Vidole vingi vikaelekea kila upande; vya watoto wa wavuvi tu vikaelekea upande mmoja. Nami nilinyoosha changu, nikakosea, na wale watoto wa wavuvi wakacheka mpaka wakashika mbavu.