Effie Mowat na Neno la Kinyume cha Jua

Kwetu Portlennie kila kitu kinafuata jua, yaani kinazunguka kuelekea kulia. Uji wa shayiri unakorogwa kufuata jua, jeneza linazungushwa kanisa kufuata jua, na mashua ikitoka bandarini inageuka kufuata jua hata kama upepo hautaki. Anayekwenda kinyume ana neno lake, neno la kale ambalo Waingereza wa mijini wamekwisha kulisahau, na ambalo sisi Waskoti wa pwani ya kaskazini hatupendi kulitamka mbele ya sufuria, maana tunasema ni la wachawi. Widdershins.

Effie Mowat alipachikwa neno hilo akiwa na miaka sita. Alizaliwa mtu wa kushoto, na mwiko ukiwa mkono wa kushoto huenda unakotaka wenyewe. Mamake, Bi Jessie, akimwona anakoroga uji kinyume, alipiga kelele utadhani nyumba inaungua: "We mtoto, utatuletea balaa! Mkono wa kulia!" Watoto wa jirani wakasikia, basi, jina likamganda. Widdershins huku, Widdershins kule. Hata siku ya harusi yake kuna mpumbavu mmoja alilipayuka mlangoni pa kanisa.

Mtu mwingine angelichukia. Effie, ambaye sasa ni mpishi wa shule na ana wajukuu, alilipenda, tena alilitafutia asili yake kama mtu anayemtafuta baba asiyemjua. Vuli iliyopita akaingia maktaba ya mji wa jirani, akafungua makamusi makubwa yale yasiyoazimishwa, akatoka mbio bila kufunga koti, akarudi moja kwa moja mpaka kwenye baa ya kijiji, ambako wabebaji wa moto walikuwa wanapanga zamu.

Moto wenyewe ni huu: usiku wa Mwaka Mpya wa kalenda ya zamani, Januari ikiwa imekwisha kuanza, tunapigilia pipa la lami juu ya nguzo, tunaliwasha, na wabebaji wanapokezana kulizungusha kijiji kizima. Kufuata jua, bila shaka. Likianguka au likigeuzwa kinyume, mwaka umeharibika. Wanawake nao siku hizi wanabeba. Lakini si Effie, na hakuna kitu alichokitamani zaidi tangu utotoni.

"Dod!" alimwita mkuu wa moto, fundi mashua mwenye ndevu nyekundu. "Dod, sikia! Hilo neno limevuka bahari! Linatoka kwa Wajerumani wa kaskazini, wale waliokuwa wakifanya biashara na babu zetu. Na mwanzoni halikuwa na jua wala mchawi! Lilikuwa nywele tu!"

"Nywele?"

"Nywele zikikusimama kwa hofu, zikakataa kulala zinavyolala. Ndivyo lilivyoandikwa kwanza. Baadaye likawa la kila kitu kinachokwenda kinyume. Jua tumelitia sisi wenyewe, kwa kuwa mwisho wa neno unasikika kama jina la jua kwa lugha yetu. Wachawi wamekuja mwisho kabisa, wamedandia tu!"

"Kumbe miaka yote tunakuita Nywele," alisema mmoja, na wakacheka mpaka bia ikamwagika.

"Chekeni tu. Mimi nataka zamu."

Dod alikuna ndevu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwoga wa mikosi, na mwoga wa mikosi humbishii kwa kamusi. "Effie, dada yangu, nguzo ikikaa bega la kushoto, mwili unavuta kushoto. Utatugeuzia moto kinyume pale kona ya ghala la chumvi, watu wote wanatazama. Ukibeba kwa bega la kulia, zamu ni yako. Kwa la kushoto, hapana."

"La kulia!" alisema Effie, haraka mno.

Ilipofika siku yenyewe, lo! Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini, moto unanguruma, watoto wamepanda juu ya kuta, na Effie hasikii hata anachoambiwa. Akapokea nguzo, akaiweka bega la kulia, akaondoka. Watu wakashangilia. Lami ilimdondokea kwenye koti, hakujali. Alikuwa anacheka peke yake.

Kabla ya kona bega likaanza kumsaliti. Nguzo iliteleza, akairudisha, ikateleza tena. Pipa likainama na cheche zikamwagika barabarani.

"Mpokeeni!" Dod alipiga kelele kutoka nyuma. "Mpokeeni, litaanguka!"

Wanaume wawili wakakimbilia mbele. Effie aliwaona wanakuja, akajua kwamba wakiigusa ile nguzo hataishika tena maisha yake yote.

Pale konani ndipo kwa Bi Jessie. Bibi kizee alikuwa amekaa mlangoni, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Blanketi likaanguka, akasimama.

"Effie! Bega la kushoto! Hamishia la kushoto, mwanangu!"

Tulidhani tumesikia vibaya. Bi Jessie huyu huyu?

"Usimchanganye, Bi Jessie!"

"Nyamaza wewe Dod, nimekufuta kamasi mimi! Kushoto, Effie, kushoto!"

Effie akainama, akaipitisha nguzo nyuma ya shingo, ikatua bega la kushoto na kutulia. Pipa likanyooka. Akaikata ile kona kulia, kufuata jua, safi kabisa, na kijiji kizima kikalipuka kwa vifijo. Zamu yake ilikwisha, hakusimama. Mbebaji aliyefuata alimkimbilia mikono mitupu akimwomba, "Effie, nipe basi!" Hakumpa. Dod alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na baadaye akadai ni moshi.

Moto ulipozimika alirudi kwa mamake, uso mweusi, sauti imemkauka.

"Mbona hukuniambia," Bi Jessie alisema, "kwamba huo ndio mkono wako?"

"Nilikwambia, mama. Kila asubuhi, nikilia mbele ya uji."

Bi Jessie akauchukua ule mkono wenye lami, akaushika kwa mikono yake miwili, na hakuuachia hata wajukuu walipokuja kudai chakula.