Injini Aliyoinywesha Baba

Baba yangu ni mchunga ng'ombe wa Masisi, na gari ni kitu kilichomkuta uzeeni. Tulipokimbilia Goma aliuza ng'ombe zake za mwisho, tukapata taksi moja iliyochoka, mimi nikashika usukani. Nyumba nzima ilikula kwenye ile gari: yeye, mama, mke wangu, watoto. Kitu kingine hatukuwa nacho. Ndiyo maana siku injini ilipoanza kugonga, nilishusha kioo nikatega sikio.

Ko-ko-ko, chini kabisa, na nikikanyaga mafuta mlio nao unakimbia. Barabara zetu za mawe ya volkano zinagongesha kila gari, basi nikajidanganya kwamba ni jiwe, ni amotisa ya gurudumu, ni chochote. Lakini gari ilisimama na mlio haukusimama.

Nikaipeleka kwa fundi wa mtaa wa Ndosho. Aliweka ncha ya turnevisi, bisibisi ndefu, juu ya injini na mpini wake kwenye sikio, akafumba macho. Kisha, injini ikiwaka, akaanza kung'oa waya za buji, zile plagi za kuwashia, moja moja. Ya kwanza, ko-ko-ko. Ya pili, vilevile. Ya tatu, mlio ukafifia. Akairudisha, ukarudi.

"Bielle ya tatu," akasema. "Kusine yake imeisha."

Bielle ni mkono wa chuma unaopanda na kushuka ndani ya injini, na kusine ni kachuma kembamba kanakozuia chuma kisipige chuma mle ndani. Kakiisha, unafungua injini kwa chini na kuweka kapya.

"Sasa fungua," nikamwambia.

"Nifungue niweke nini? Kusine za hii gari haziko mjini. Ngoja zifike. Na usiitembeze hata kidogo."

Ngoja! Mutu ana sufuria tupu nyumbani, unamwambia ngoja. Nilimkasirikia kana kwamba ni yeye aliyekula ile kusine. Tukaisukuma gari mpaka nyumbani, mimi nikitukana kila jiwe.

Baba hakuelewa kabisa kungoja. Kila asubuhi alifungua kapo, kile kifuniko cha mbele, akagusa injini kwa kiganja.

"Inaumwa, na munaiacha tu hivi? Kwetu ng'ombe akiumwa tunamunywesha."

Kweli, kwetu unamwinua ng'ombe kichwa, unamwingizia chupa pembeni mwa mdomo, dawa inashuka polepole huku unambembeleza.

"Papa, hii haina mdomo," nikamtania.

"Iko nao. Nilikuona ukiufungua kutia mafuta."

Siku moja nikiwa mjini kuuliza kusine, jirani mmoja alimwambia baba kuhusu mafuta mazito ya boite, yale ya giaboksi. Hapa Goma ukitaka kuuza gari inayogonga, unaitilia hayo, inanyamaza mpaka mnunuzi aondoke nayo. Lakini baba alisikia dawa tu. Niliporudi nilimkuta na chupa mkononi, ameimimina yote kwenye ule mdomo wa injini, ananong'oneza injini kwa Kinyarwanda.

"Washa."

"Papa, fundi alisema..."

"Washa, nakuambia!"

Nikawasha. Injini ikanguruma, ko-ko-ko kimya. Baba akapiga makofi, akanyoosha mikono juu kama pembe, akaanza kuisifia ile gari yetu yenye kutu jinsi wanavyosifia ng'ombe mzuri: wewe usiyeogopa mlima, wewe unayetangulia wenzako mtoni. Mama akatoka jikoni akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Masisi. Nilijua mafuta hayajazi chuma kilicholika, lakini niambie, nani angeizima ile gari saa ile?

Nikaenda mtaa wa Himbi, nikapakia watu. Kwenye mpando wa kuelekea Katindo, mama mmoja mwenye beseni la sambaza, vile vidagaa vya ziwani, akavuta pua.

"Papa chauffeur, gari yako inaunguza nini?"

Nikapunguza mwendo. Pah! Bielle ilitoboa ubavu wa injini, mafuta meusi yakatiririka barabarani. Yule mama akajitwisha samaki wake, akashuka, hakunidai nauli yake.

Nikatuma mtu nyumbani, baba akaja kwa miguu. Akainama, akaingiza kidole kwenye lile tundu.

"Imekufa?"

"Imekufa, papa."

"Nimeiua mimi."

"Hapana, papa." Nilidanganya, na alijua nadanganya.

Akafuta kidole kwenye jiwe. "Ng'ombe akivunjika tunachinja," akasema. "Majirani wanakuja, tunagawa nyama, hata mutoto analala ameshiba. Hii tunagawa nini?"

Yo, Mungu wangu! Nililia pale barabarani, moto, zile pikipiki za abiria, zinatupitia huku na huku zikitupigia honi tuondoke.

Kesho yake asubuhi baba alivaa koti lake, akasema kuna tajiri mmoja karibu na mji wa Sake anatafuta mtu wa kumchungia ng'ombe. Mzee mwenye wajukuu, kwenda kulala zizini mwa watu! Nilimwambia akae. Akaniuliza, "Nikae tukule nini?" Alipopanda moto kwenda huko, nikamshika mwendeshaji mkono, nikamsihi aende polepole kwenye mawe.