Mbuzi wa Mke Mwenzangu

Enzi za Mdachi, kule Newala, mbuzi wa mke mwenzangu walikula mtama wangu uliokaribia kuvunwa. Nikamshtaki kwa jumbe.

"Shamba lake halina ua," mwenzangu alijitetea. "Mbuzi wangejuaje kuwa ni la mtu?"

"Anayefuga ndiye anayefunga," jumbe alimjibu. "Umemtia hasara. Mlipe mbuzi mmoja anayekamuliwa."

Nilirudi nikimvuta mbuzi wangu kwa furaha. Nilipofika, nilimkuta mume wetu, ambaye hajawahi kunichomekea hata mti mmoja wa ua, akimjengea mwenzangu zizi jipya huku wakicheka. Nilitamani kurudi kwa jumbe, ila sikujua ningewashtaki kwa kosa gani. Nikamfunga mbuzi, nikaingia ndani bila kuwasalimu.