Sauti ya Tatu Chini ya Godoro la Jenifa

Mwalimu alimpa mwanangu kazi ya nyumbani nyepesi kabisa: sikiliza sauti tatu za kwenu, kesho uje uzitaje darasani.

Ya kwanza ilikuwa ya kuku. Ya pili ya cherehani yangu.

Ya tatu ndiyo sababu leo siishi tena Katoro.

Naitwa Coletha, ila pale mtaani wote waliniita Mama Jenifa. Ni fundi cherehani. Mume wangu, Amosi, anauza spea za pikipiki sokoni. Nyumba yetu ilikuwa pembezoni mwa mji, vyumba viwili na sebule. Jenifa alilala chumba cha nyuma, kwenye godoro lililotandikwa juu ya sementi.

Mwezi wa kwanza akaanza darasa la kwanza.

Kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wake, Mwalimu Euphrasia, alitupasulia bila kupepesa macho.

"Nyie mkishanunua sare na madaftari mnajiona mmemaliza. Mtoto wa darasa la kwanza anaanza na masikio, kalamu inafuata. Asiyetofautisha sauti hawezi kusoma. Jioni zimeni hizo redio, muulizeni amejifunza nini, halafu mnyamaze mumsikilize. Dakika kumi tu. Mtazikosa?"

Tukacheka kinafiki. Mimi nikasema haya, ngoja nijaribu.

Jamani, nilinogewa! Tulihesabu vizibo vya soda, tukaandika irabu hewani kwa kidole, tukazunguka nyumba nzima tukitafuta vitu vinavyoanza na m. Amosi alitutazama akaguna.

"Mwalimu analipwa mshahara, wewe unamsaidia kazi bure."

Nikamwacha na maneno yake.

Wiki ya herufi k ndipo ikaja ile kazi ya sauti tatu. Tulikuwa tumemaliza kula.

"Kuku anasema ko," Jenifa akaanza. "Cherehani inasema ta ta ta. Na ile nyingine inasema ko."

"Ko umeshaitaja, ya kuku."

"Siyo ya kuku, mama. Kuku anasema kokoko, anakimbiza. Hii inasema ko. Inapumzika. Inasema ko."

"Iko wapi?"

"Chini ya godoro langu."

Niliacha vyombo palepale.

Nikaingia chumbani, nikanyanyua godoro. Sementi tupu. Nikasikiliza, nikasikia redio ya jirani basi.

Amosi alicheka, ila kicheko chenyewe kilikatika haraka. "Mtoto anakariri silabi, wewe unaona majini."

Sikuridhika. Nikawaita wanajumuiya. Walikuja wengi na rozari zao, wakasali, wakanyunyiza maji ya baraka kila kona.

Sauti ikakoma.

Nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, tena kwa mbwembwe zote. Nikikumbuka najionea aibu.

Siku si nyingi Jenifa akarudi kutoka shule akiwa amechangamka.

"Mama, leo tumesoma g. Na sasa wako wawili. Mmoja anasema ko, mwingine anasema go."

"Una uhakika siyo ile ile?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. "K ni nyepesi, g ni nzito. Weka mkono kooni uone, Mwalimu ametuonyesha."

Sikujua kama Amosi alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuja akamshika mtoto mkono kwa nguvu. "Ukirudia hizo ko na go zako, hapa au shuleni, nitakuchapa mpaka ukome. Umesikia?"

"Mtoto anaogopa, Baba Jenifa, na wewe unamtisha!"

"Anatutia aibu. Unataka mtaa useme nyumba hii ina wachawi?"

Huku kwetu neno hilo si la kuchezea. Likishatoka watu huumia. Nikafunga daftari la mtoto, na kazi za nyumbani zikaishia hapo.

Kuanzia hapo mwanangu akawa mtoto mwingine. Nikimuuliza kama kuna sauti, anasema hakuna. Lakini nilimkuta amelala na khanga yangu amejifunga masikioni, mafundo mawili. Roho iliniuma.

Mwalimu Euphrasia akaniita shuleni.

"Mama Jenifa, huyu alikuwa wa mbele kusoma. Sasa nikimwita anaziba mdomo kwa mkono. Nilipombembeleza, akasema baba amekataza sauti. Kuna nini huko kwenu?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Mama, masikio ya mtoto huyu hayajawahi kunidanganya darasani. Anachokisikia kipo. Nenda ukasikilize na wewe."

Tukiwa njiani kurudi, nikachuchumaa mbele ya Jenifa.

"Leo mmesoma nini?"

Akaziba mdomo kwa mkono.

"Baba hayupo. Niambie mimi."

"H."

"Na kule chini, h ipo?"

Akaitikia kwa kichwa, kisha akaninong'oneza. "Mmoja anasema ho, ho, ho. Halafu anatema mate."

Nilisimama palepale barabarani. Jini gani linakohoa?

Nilipofika nyumbani nilifunga mlango, nikalala kifudifudi chumbani kwa mtoto, sikio kwenye sementi. Mwanzoni nilisikia moyo wangu mwenyewe. Halafu ikaja.

Ko.

Ikapumzika.

Ko.

Mtu akakohoa. Mwingine akasema, sauti yake imezibwa kana kwamba yuko ndani ya pipa: "Lete moko."

Katoro ni mji wa dhahabu, kila mtu anajua moko. Ni ile patasi ya wachimbaji, ya kupasulia mwamba.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kiwanja cha mtu anaitwa Mayala, alichokizungushia mabati kwa madai kwamba anajenga ghala. Kila asubuhi alinisalimia kwa heshima, kwa kilugha cha kwetu, "Mwangaluka, mayu." Ghala lenyewe sikuwahi kuliona hata tofali.

Wale watu walikuwa wamefuata dhahabu mpaka chini ya mwanangu.

Nikainuka. Ndipo nilipouona ufa, umetoka ukutani umepita pale godoro linapolala, kidole kinaingia. Nje wingu lilikuwa limetanda.

Sikubeba hata nguo. Nilimweka Jenifa mgongoni, mkubwa hivyo hivyo, nikakimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa. Mvua ikatuwahi. Nilikuwa barazani kwake, nahema, namweleza, tukasikia kishindo. Kisha mayowe.

Tulipofika, chumba cha nyuma hakikuwepo. Ukuta, bati, godoro, vyote vilikuwa vimeingia ardhini, na maji ya mvua yalikuwa yanafuata humo humo.

Amosi alitokea sokoni mbio, ameloa chapachapa.

"Tuko hapa!" nikamwita.

Alimwona mtoto mgongoni kwangu, akashusha pumzi. Kisha akatupita.

Alienda moja kwa moja kwenye geti la mabati la Mayala. Akatoa ufunguo mfukoni mwake. Akafungua kufuli.

Nilimwona akipiga magoti kwenye mdomo wa shimo, akiita watu wawili walioko chini. Aliwaita kwa majina yao.

Majirani walileta kamba. Mmoja alitolewa mguu umevunjika. Yule aliyekuwa anakohoa alitolewa baadaye, amefunikwa shuka. Mayala hakuonekana tena Katoro.

"Ulijua?" nilimuuliza Amosi.

"Tulikubaliana wapite chini ya choo," akasema. "Waliniahidi fungu langu la mawe ya dhahabu. Chini ya mtoto hatukukubaliana, Mama Jenifa. Naapa."

"Na mtoto alipokwambia?"

Akaugeuzageuza ule ufunguo mkononi. Sikumuuliza tena.

Sasa tuko Runzewe kwa dada yangu Sesilia. Jenifa ana shule mpya na anasoma vizuri, ila kwa sauti ndogo mno.

Mwezi uliopita Amosi alikuja kumwona. Amekonda. Alimletea kitabu cha hadithi chenye picha, akakaa kwenye kigoda karibu naye.

"Nisomee, mama," akamwambia binti yake.

Jenifa akafungua kitabu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Kisha akageuka kunitazama mimi.

"Mama, naruhusiwa kusema?"

Amosi aliinamisha uso akalia kama mtoto. Nilitamani nimhurumie, nikashindwa.

Wazazi wenzangu, darasa la kwanza mtoto anajifunza herufi na namba, hilo tumwachie mwalimu. Lakini anajifunza pia kama akisema ukweli nyumbani atasikilizwa au atachapwa, na somo hilo tunalifundisha sisi, kila jioni, hata tukiwa hatujui kusoma.

Kwa hiyo leo zima redio. Muulize amejifunza nini. Na jibu lake likikuudhi, likigusa hata siri yako mwenyewe, mwache amalize kusema.